Kumpita Kaka

Kaka yangu hakuinua kichwa aliponiambia ningoje. Alikuwa amekaa nyuma ya kaunta ya kibanda chake cha kutengeneza simu pale Homa Bay, ameshika kimashine cha gemu kwa mikono miwili, vidole gumba vinakimbia huku na huku, na mimi nimesimama mbele yake na vumbi la njia ya Ndhiwa kwenye nyusi. Nilikuwa nimetoka Karungu asubuhi kuja kumwambia jambo moja ambalo kwa simu lilikuwa limechoka kusemwa: aje ajenge boma lake, ili na mimi nijenge langu.

"Omera, ndugu yangu, ngoja nimalize hii," alisema.

Nikangoja. Mteja aliyeleta simu iliyoingia maji naye alikuwa anangoja, amekaa kwenye kreti ya soda, wala halalamiki. Kwa kaka yangu watu hungoja. Amezaliwa wa kwanza na amezoea.

Nieleze kidogo, maana asiyetoka kwetu ataona nilikuwa mwanamume mzima anayebembeleza ruhusa. Kwetu mdogo hatoki kwenye boma la baba kabla ya mkubwa kutoka. Mkubwa ndiye anayetangulia: anaamka alfajiri na baba, na mke wake, na mtoto wake wa kwanza wa kiume, shoka na jogoo mkononi, wanafika kwenye kiwanja, na kabla ya giza kuingia nyumba ya kwanza imesimama na moto umewashwa ndani. Baada ya hapo njia iko wazi kwa anayefuata. Mkubwa asipotoka, anayefuata anakaa. Ukijifanya mjanja ukamruka, kuna chira, ile laana inayomkausha mtu taratibu mpaka suruali inamvuka, na haichagui, inaweza kuanzia kwa watoto. Kanisani naenda kila Jumapili, hata kwaya naimba, sauti ya nne. Lakini chira naiogopa na sitajifanya siiogopi.

Nina mke na watoto wanne, na tulikuwa tunaishi kwenye simba, ile nyumba ndogo ya kijana ambayo hukaa karibu na geti la baba. Niliijenga kabla sijaota ndevu vizuri, wakati nilichohitaji kilikuwa kitanda na mahali pa kutundika suruali. Watoto wakishatandikiwa chini, sisi hatuna pa kupitisha mguu. Mke wangu anapika na mama yangu anaona moshi wake, na mama yangu ana maoni kuhusu moshi. Kiwanja changu baba alishanionyesha, ng'ambo ya kijito, mahali pana mwinuko na ziwa linaonekana. Kila nikipita hapo naona nyasi tu. Na kinachoniuma kuliko vyote ni kwamba kazi yangu ni kuchomelea vyuma. Natengeneza mageti. Maboma mengi mapya ya upande wetu yana geti langu, na mimi mwenyewe sina pa kufunga hata komeo.

Kaka yangu hakuwa na sababu yoyote niliyoijua. Alikuwa na duka lake. Alikuwa na mke, Mkuria wa kutoka Ntimaru, mama mcheshi tuliyempenda sana, na mtoto wa kiume. Kiwanja chake kiko mbele ya changu na ni kikubwa zaidi. Kila Krismasi alikuja mara moja, peke yake, akisema mke ameenda kuwaona wazazi wake, akala, akacheka, akasema mwaka ujao. Nilikuwa nimeshiba mwaka ujao.

Alipomaliza mchezo wake aliguna kwa raha, akanigeuzia skrini.

"Unaona hii namba ya juu kabisa? Hiyo ni rekodi yangu. Unanipigia kelele ya boma kila wiki. Sasa sikia. Ukinipita hapo, Jumamosi inayofuata nakuja na shoka na jogoo. Sirudi nyuma."

"Kwa gemu?"

"Kwa gemu. Na kabla hujanipita, usinipigie simu ya boma. Hata moja."

Mtu mwenye akili zake angemwambia aache utoto. Mimi niliuliza chaja iko wapi. Kwa miaka yote hiyo hakuwahi kunipa kitu ninachoweza kukishika. Alinipa maneno tu, na maneno hayashikiki. Sasa alikuwa amenipa namba. Namba ni kama kipimo cha geti: mteja akishakuambia upana, unajua unaanzia wapi na unaishia wapi. Nikakifunga kimashine kwenye kitambaa, nikaweka ndani ya shati, nikarudi Karungu.

Nilikifungua kesho yake karakanani, saa ya chakula. Gemu yenyewe ni ya kijana anayepanda ubao wa magurudumu manne. Ubao huo sijawahi kuuona kwa macho yangu. Pale Sori, senta yetu ya Karungu, ungeutumia wapi? Lami ni moja na imejaa magari ya omena, dagaa wa ziwani. Ukiiacha unaingia kwenye mchanga na mawe. Lakini ndani ya kile kioo dunia nzima ni saruji. Wamemwaga saruji mpaka kwenye bustani za maua. Kuna ngazi ambazo hazielekei mlango wowote. Kuna bwawa la kuogelea ambalo wamelitoa maji makusudi ili kijana ateleze kwenye kuta zake, na mimi ninayekaa kando ya ziwa, ambaye mke wangu anateka maji kwa kichwa, nilikasirishwa na bwawa hilo kabla sijabonyeza kitu. Halafu kuna reli za ngazi. Hizo niliziangalia kwanza zilivyochomelewa. Hazina alama ya kiungo hata moja, nguzo zimesimama mbali mbali mno. Aliyezichora hajawahi kushika rodi ya kuchomelea.

Una dakika mbili. Ndani ya dakika hizo kijana anaruka, anazungusha ubao chini ya miguu, anateleza juu ya reli, na kila njonjo ina pointi zake. Ukiunganisha njonjo na njonjo bila kusimama, pointi zinazidishana. Ukianguka, zote ulizokuwa umebeba zinapotea, na kijana anabaki chini anajishika goti, anakutazama kana kwamba wewe ndiye uliyemsukuma.

Siku ile ya kwanza aligonga pipa la taka. Akagonga benchi. Akaenda taratibu kabisa, kwa heshima, akagonga ukuta wa shule. Vidole vyangu ni vya kushika koleo. Ngozi ya gumba imeungua mara nyingi mpaka haisikii vizuri, na vile vitufe ni vidogo kama punje za mahindi. Muda ukaisha nikiwa na pointi ambazo hata kuku angezipata kwa kukikanyaga kile kimashine. Rekodi ya kaka yangu ilikuwa milioni na ushee. Mimi nilikuwa na mia kadhaa, na kijana yuko kwenye majani.

Nikajiambia ni mazoezi tu. Nikacheza kila saa ya chakula, na kila stima ikipotea, na kwetu stima haikuonei haya. Asubuhi nilicheza kidogo nikisubiri chai. Baada ya wiki kadhaa niliweza kuruka. Baada ya nyingine niliweza kuruka na kuzungusha ubao, ila nilipotaka kumzungusha kijana mwenyewe hewani, hakuzunguka. Nilibonyeza kitufe cha bega la kulia, kile cha juu pembeni mwa kimashine, hakuna kitu. Nikabonyeza kwa nguvu, hakuna. Nikabonyeza nikiwa nimeuma meno, akazunguka nusu, akatua mgongo mbele, akaanguka.

Nikampigia kaka yangu. Simu ya kitufe haikuwa simu ya boma.

"Umenipa kitu kibovu."

"Kiko sawa."

"Batani ya bega ya kulia haishiki."

"Bonyeza kwa pembeni, na ukucha. Hata mimi nilicheza nayo hivyo hivyo."

"Wewe ni fundi wa hizi vitu. Si ungetengeneza?"

"Na wewe ni fundi wa chuma, na mlango wa jikoni ya mama unalia mpaka leo."

Akakata. Nilitoka nikaenda kuupaka grisi mlango wa jikoni ya mama, kwa hasira, nikarudi, nikaanza kubonyeza kwa ukucha.

Mke wangu alikuwa amenyamaza kwa siku nyingi, na yeye akinyamaza huwa anakusanya. Kanisa lake si langu. Lao linasema mila zimepita. Alikuwa ameniambia mara nyingi kwamba pasta wake yuko tayari kuja kuombea kiwanja, tukajenga hata kesho. Nikamjibu kwamba chira haimjui pasta wake. Basi siku moja alinikuta nimekaa kwenye kigoda nje ya simba, kichwa kimeinama, ulimi uko nje, akasimama na beseni kiunoni akaniangalia mpaka nikaona aibu.

"Baba watoto," akasema, "wengine wanajenga na matofali. Wewe unajenga na batani."

Kilichoniuma ni kwamba alikuwa amesema kweli na hakuwa amekasirika. Alikuwa amechoka tu, na beseni lilikuwa zito.

Baba alidhani kile kimashine ni redio iliyoharibika. Nilipomweleza mkataba wangu na kaka, alitoa kipande cha muwa mdomoni.

"Kwa hiyo boma langu linangoja mtoto wa kwenye kioo," alisema.

"Ni yeye amesema, Baba."

"Nimesikia. Mkubwa akikuwekea kitu mbele, unakifanya. Lakini harakisha. Mimi ndio natakiwa kuwapeleka huko nje, na hii miguu yangu haina mwaka ujao mwingi."

Alisema hivyo bila huzuni, kama mtu anayetaja hali ya barabara, kisha akarudia muwa wake. Mimi ndiye niliyekosa usingizi. Kama baba angekuwa hayupo, wazee wangetafuta mtu wa kusimama badala yake, na kwetu wazee wakianza kutafuta mtu, unazeeka ukiwaangalia.

Wakati huo huo nilikuwa na kazi ya geti kule Masara. Mwenye boma alikuwa kijana mdogo kuliko mimi, amepata dhahabu kwenye shimo lake, anataka geti pana lenye mapambo ya jua linalochomoza. Nilitengeneza jua lile kwa wiki nzima, mshale mmoja mmoja. Tulipokwenda kulifunga, kaka yake mkubwa alikuwepo, boma lake liko hapo mbele, limeshaota miti. Kijana alilifungua geti, akalifunga, akalifungua tena. Mke wake akatoka akalifungua na yeye. Walikuwa wanacheka kama watu waliopewa kitu cha kuchezea, na mimi nimesimama na spana mkononi, nakubali kwa kichwa, nasema ndiyo, bawaba ni za kudumu.

Nilirudi nikacheza kwa hasira, na gemu ile haipendi hasira. Kijana alianguka kwenye kila reli. Alianguka mahali ambapo nilikuwa nimeshapazoea mpaka nikawa napita nimefumba macho. Mara ya mwisho nilikuwa nimebeba pointi nyingi, nyingi kuliko nilizowahi kubeba, nikaziona pale juu zinahesabika, bado mruko mmoja tu, nikabonyeza kitufe cha bega, hakikushika. Chini. Goti. Nikakirusha kile kimashine. Kiliruka kikatua juu ya gunia la makaa, na kabla hakijatulia nilikuwa nimeshakifuata mbio nakipuliza vumbi na kukipangusa kwa shati, naomba kiwake. Kiliwaka. Niliketi pale kwenye makaa, nikamchukia kaka yangu waziwazi, kwa jina lake, kwa sauti.

Sikuacha. Wakati mwingine najiuliza kwa nini, na jibu ni kwamba sikuwa na kitu kingine cha kufanya kuhusu jambo lile. Mdogo hana la kufanya ila kungoja, na huku angalau nilikuwa nangoja kwa mikono.

Mambo yalianza kubadilika nilipoacha kumkimbiza yule kijana. Akiwa juu ya reli, kuna kipimo kidogo kinachoyumba kushoto na kulia, na ukikiacha kikaegemea upande mmoja, kwisha. Mimi nilikuwa nakivuta kwa nguvu kukirudisha, kinapitiliza, anaanguka upande wa pili. Siku moja nikiwa nachomelea nikaona kwamba mkono wangu haufanyi hivyo kwenye chuma. Ukisogeza rodi karibu mno inaganda. Ukiiacha mbali moto unatapakaa. Kwa hiyo mkono unakaa kati, unasogea kidogo, unasogea kidogo, na wala hufikirii. Nikaenda kukigusa kipimo kile vivyo hivyo. Kijana akakaa kwenye reli mpaka mwisho wake, akatua, akaendelea. Nikarudia. Akakaa tena.

Kuanzia hapo namba zikapanda. Mke wangu akaanza kuniuliza jioni, "Umefika ngapi?" kwa ile sauti ya kuulizia mgonjwa. Nikisema laki tano, anaitikia. Nikisema nimerudi laki mbili, anasema pole, na ile pole haikuwa ya mzaha. Siku moja nilimkuta amesimama kwenye kiwanja chetu ng'ambo ya kijito, hana beseni wala jembe, anatazama tu. Aliponiona alijifanya anatafuta mboga. Hakuna mboga pale.

Nikafika laki nane nikakwama. Miezi ilipita. Nilijua njia yote: bwawa, ukuta, benchi, ngazi, reli ndefu, kisha reli fupi ya mwisho. Kila mara kilichoniangusha kilikuwa kile kitufe cha bega. Siku kinapokubali, mimi ndiye ninayekosea. Siku nisipokosea, kinakataa. Nikawa najibu watu vibaya. Mteja aliniuliza dirisha lake limefika wapi, nikamwambia liko pale pale alipoliona jana. Watoto wangu walijifunza kupita mbali.

Ilitokea mchana, stima imepotea, karakana iko kimya, kichwa changu hakipo hapo. Nilikuwa nawaza bawaba. Kijana akaingia bwawani, akatoka, akazunguka hewani mzunguko mzima, kitufe kikashika kwa pembeni, akatua kwenye benchi, akapanda reli ndefu. Sikukaza mkono. Akapanda reli fupi. Akatua. Muda ukaisha akiwa amesimama. Namba zikajumlishwa taratibu kwa ile dharau yao, kisha jina la kaka yangu likashuka nafasi moja chini, na mahali pake pakabaki wazi, kioo kinaniuliza mimi ni nani.

Sikupiga kelele. Niliandika herufi za jina langu, nikapiga picha ya skrini kwa simu, picha ikatoka na ukungu, nikapiga nyingine. Nikamtumia. Kisha nikaenda nyumbani kabla ya wakati nikamwonyesha mke wangu. Aliangalia ile namba, akaniangalia mimi, akakaa chini kwenye kizingiti na akalia kidogo, kisha akainuka akaanza kufua mapazia.

Jibu la kaka yangu lilikuja jioni. Maneno mawili: Sawa. Jumamosi.

Wiki ile sikumbuki nilichomelea nini. Baba alitoa koti lake la suti likapigwa jua. Mama alitafuta chungu. Tulifyeka nyasi kwenye kiwanja cha kaka, kisha, kwa sababu siku yangu sasa ilikuwa inafuata ya kwake, nikafyeka kidogo na kwangu, kwenye kona tu, ili isionekane nina haraka.

Alifika Jumamosi jua linachomoza, kwa bodaboda. Alikuwa amelala Sori ili awahi. Alishuka na shoka jipya, mpini bado una karatasi ya duka, na jogoo mwekundu amefungwa miguu. Alikuwa amekonda. Sikuwa nimeliona hilo dukani, kwa sababu dukani nilimwona amekaa nyuma ya kaunta na mimi nilikuwa na hasira zangu. Bodaboda ikageuka, ikaondoka.

Baba alikuwa amesimama getini na koti lake.

"Karibu, nyathina, mwanangu. Mama watoto yuko wapi?"

"Tuanze tu, Baba."

"Tunaanzaje? Anakuja na gari gani?"

Kaka yangu alimhamisha jogoo mkono mmoja hadi mwingine. "Hakuji."

"Ni mgonjwa?"

"Hapana. Alienda kwao. Alienda na mtoto."

"Alienda lini?"

"Kitambo."

"Kabla ya Krismasi?"

"Ile ingine ya nyuma yake," alisema kaka yangu. "Na ameshaolewa huko."

Mama alikuwa anakuja na chungu, akasimama. Nyumba ya kwanza ya boma haiingiwi na mwanamume peke yake na jogoo. Lazima mke aingie naye, mke ndiye anayeufanya ule moto uwe moto. Kaka yangu alilijua hilo vizuri kuliko mimi. Alikuwa amesafiri usiku wa Ijumaa, amenunua shoka, amenunua jogoo, huku analijua.

"Si ungesema," nikamwambia. Sauti yangu ilitoka juu na sikuiteremsha. "Mimi nimekaa na hiyo takataka mwaka mzima. Mke wangu amengoja. Si ungesema tu."

"Ningesema nini? Kila nikichukua simu ni wewe, boma, boma, boma. Nikakupa kitu hutaweza. Nilijua huwezi nipita."

"Nimekupita."

"Nimeona." Akaangalia chini. "Hiyo namba unafikiri niliitoa wapi? Nikifunga duka naenda kwa nyumba na hakuna mtu. Nawasha hiyo gemu. Nilikuwa nacheza mpaka macho inauma."

Hasira yangu haikuondoka, ningependa kusema iliondoka. Ilibaki pale pale, ila sasa ilikuwa imekaa pamoja na huruma, na viwili hivyo havipatani. Nilitaka kumpiga na nilitaka kumshika bega. Nilikuwa nimeitazama ile milioni na ushee kwa miezi mingi nikiona majivuno yake. Zilikuwa jioni zake.

"Jenga," akaniambia. "Mbele ya baba hapa, nimekuruhusu. Wewe unitangulie tu."

"Hiyo si kitu ya kupeana," alisema baba. Alivua koti, akalikunja mkononi, akarudi ndani polepole kwa miguu yake ile.

Mke wangu ndiye aliyesogea. Nilitegemea angesema neno, na angekuwa na haki. Alimchukua jogoo mkononi mwa kaka yangu, akamfungua miguu.

"Yuora," alimwambia, ndivyo tunavyomwita shemeji, "keti. Chai iko."

Akaingia kupika, na nilimwona kupitia mlangoni anafuta macho kwa kanga, ametugeuzia mgongo.

Kaka yangu alikaa kwenye kigoda changu nje ya simba. Chai ikaja, hakuinywa. Baada ya muda akauliza kile kimashine kiko wapi. Nikamletea. Alikishika kwa ile mikono inayokijua, akapangusa kioo, akaanza kucheza, na mimi nikasimama nyuma yake kama nilivyosimama dukani, ila safari hii nilikuwa naiona skrini.

Alikuwa bado hodari kuliko mimi. Mikono yake ilikwenda pasipo kukaza popote. Akapita bwawani, akapanda ukuta, kitufe cha bega kikamtii, namba ikapanda haraka, laki sita, laki nane, tisa, na nikagundua kwamba nimekunja vidole vyangu vya miguu ndani ya viatu. Mwaka mzima nilikuwa namwombea aanguke. Sasa nilitaka apite. Nilitaka anipite kabisa, mbali, arudi mbele yangu, kwa sababu yeye akiwa mbele hata mimi najua nilipo. Akapanda reli ndefu. Akapanda ile fupi. Kile kipimo kikayumba, akakivuta kwa nguvu, na kijana akaanguka juu ya saruji akajishika goti.

"Bado," alisema kaka yangu, akaanza upya.

Aliondoka nacho jioni. Siku hizi ananitumia picha za skrini, kila wiki, bila maneno, na mimi humjibu aendelee, bado kidogo. Hajanipita mpaka leo, na sisi bado tunalala kwenye simba.